Ndengu za Wendy

Voi hakuna mwanamke mwenye saratani ya titi. Uliza sokoni, uliza kanisani, uliza hata jirani wa mgonjwa mwenyewe: utaambiwa ana presha, ana vidonda vya tumbo, ama kuna wifi amemtazama vibaya. Saratani hutajwa siku ya matanga, mwenyewe akiwa hana tena mdomo wa kukana. Ndivyo tulivyo, na huo ni ujinga mtupu, asiyependa kuusikia azibe masikio.

Basi Tryphena naye alikuwa na presha. Hivyo ndivyo alivyowaambia walimu wenzake wa chekechea katika mtaa wa Kaloleni alipoanza kuomba ruhusa kila wiki. Uvimbe aliukuta akioga, titi la kushoto, mgumu kama kokwa. Daktari alipomwambia titi litolewe, kisha atiwe dawa ya kemo huko Mombasa, Tryphena alimshukuru kwa adabu zote za mtu aliyelelewa Werugha milimani, akarudi nyumbani, akapika ugali. Mumewe Crispus alipouliza, akajibiwa, "Wamesema ni maziwa yaliganda."

Maziwa! Kitinda mimba wao alikuwa darasa la sita.

Crispus ni fundi wa stima, mtu wa nyaya nyingi na maneno machache. Hakubisha. Siku ya pili yake alimwambia mkewe amsindikize sokoni kununua ndengu, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye magunia ya Mbula, kisha akajifanya ameitwa na mtu upande wa pili wa barabara. Mbula alikuwa Mkamba mnene, muuza nafaka, na katika Voi nzima ndiye mwanamke pekee aliyeutaja ugonjwa wake kwa jina, tena kwa sauti, tena akipima maharagwe. Alimtazama Tryphena juu mpaka chini.

"Karibu, mwalimu. Unataka ndengu, ama unataka kuishi?"

Tryphena alisimama pale akilia mbele ya wanunuzi, na alikuwa hajalia tangu aambiwe.

Kikundi cha Mbula kilikutana kila Alhamisi alasiri katika chumba cha nyuma ya kanisa, mtaa wa Mwakingali. Jina lake la kuandikishwa lilikuwa Neema. Wenyewe walijiita Upande Mmoja, wakicheka, na mgeni aliyeshtuka walimcheka zaidi. Walikuwa akina mama wa kutoka milima ya Taita, wachache wa Ukambani, mmoja wa Taveta. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kulia kabla ya chai. Chai ikishanywewa, mtu alie mpaka achoke, hakuna wa kumnyamazisha.

Kazi yao ilikuwa kushona. Waliokatwa walihitaji kitu cha kujaza sidiria, na sponji za dukani ni nyepesi, ukiinama kufagia zinapanda mpaka begani. Wakashona vifuko vya pamba na kuvijaza ndengu. Ndengu zina uzito wa kweli, zinalala zilipolazwa. Taabu yake ni mvua. Mama Donald, mmoja wao, alinyeshewa akitoka kanisani, akauvua mfuko akautupa nyuma ya kabati, akausahau, na alipoukumbuka ndengu zilikuwa zimeota mikia.

"Mungu alimnyang'anya titi akampa shamba," Mbula alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko, Mama Donald akiwa wa kwanza.

Tryphena hakucheka. Alikaa karibu na mlango Alhamisi baada ya Alhamisi, akashona mifuko ya wenzake, na siku ya kupasuliwa ikawa inamjia huku yeye ameshaamua moyoni kwamba haendi. Mbula hakuwa mjinga. Alhamisi moja alivuta kiti chake karibu.

"Mwalimu, nikuambie habari ya Wendy. Alikuwa mwenzetu hapa. Msichana mzuri, mwenye maringo, miaka ishirini na kitu. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, akilia vile vile. Lakini alienda. Akakatwa, akamaliza kemo yote, nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi, na bado akaenda. Leo yuko kwao Chala, analima. Ameolewa, ana mtoto. Hizi ndengu unazoshona zinatoka shambani kwake."

Wenzake waliinamia sindano zao. Tryphena alidhani ni heshima. Alichota ndengu kiganjani, akazitazama, za kijani, zinang'aa. Mtu aliyekuwa kama yeye alikuwa amezipanda, akazipalilia, akazivuna kwa mikono yake miwili. Usiku huo alimwambia Crispus ukweli, na Ijumaa iliyofuata akaingia chumba cha kupasuliwa akimfikiria msichana wa Chala ambaye hajawahi kumwona.

Kidonda kilipona. Mbula mwenyewe ndiye aliyemletea mfuko wake, umeshonwa kwa uzi wa bluu, akasema, "Salamu kutoka Chala." Tryphena akauvaa, akarudi darasani, na watoto wa chekechea hawakujua lolote.

Lakini kemo haikumwonea huruma. Kila alichokila kilikuwa na ladha ya msumari. Alitapika mpaka akatapika uchungu wa kijani. Nywele zilibaki kwenye mto, nyusi zikafuata, nyayo zikawaka moto hata akishika njia ya chooni anatembea kama bata. Watoto wa darasani walianza kumwogopa. Mmoja aliuliza mbele ya wote kwa nini mwalimu ananuka dawa. Alifunga kitambaa kichwani akisema ni mtindo. Baada ya safari ya tatu ya Mombasa alijilaza sakafuni jikoni, shavu kwenye saruji baridi, akamwambia Crispus:

"Sirudi tena. Waniache nife nikiwa na ladha ya chakula mdomoni."

Crispus alipiga magoti, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya posa. Alibembeleza, akagomba, akalia. Tryphena akamhurumia. Hapo ndipo akasema neno lililomtuma safari:

"Nitaenda Chala nimwone huyo Wendy. Nikimwona kwa macho yangu, amesimama shambani kwake, akaniambia haya mambo yana mwisho, nitarudi Mombasa. Nisipomwona, usiniulize tena."

Mbula hakuambiwa. Jumanne Tryphena alipanda gari la Taveta, na barabara ikampitisha Mwatate, Maktau, nyika kavu mpaka Salaita, yeye amefumba macho akipambana na tumbo lake. Taveta alichukua bodaboda. Alipomtajia kijana wa pikipiki jina la Wendy na la ukoo wake, kijana alimtazama vizuri, akasema, "Nitakupeleka kwa mamake," akawasha pikipiki.

Mamake Wendy alikuwa uani akichambua vitunguu. Mwanamke mkavu, mrefu, kanga kiunoni.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Pumzika, jua ni kali."

"Asante. Namtafuta Wendy. Mimi ni mwenzake wa Voi, wa kile kikundi."

Mama aliweka kitunguu chini. Akapangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kikundi," alisema. "Kumbe bado mnamkumbuka. Njoo basi umsalimie."

Alimzungusha nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Tryphena alimfuata akitabasamu, maskini, akitafuta kwa macho mwanamke mwenye jembe. Kulikuwa na kaburi la saruji lenye msalaba, jina la Wendy limeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yamelala juu yake, na mama akainama akayaondoa kama mtu anayemtoa mtoto uchafu kichwani.

Tryphena alikaa chini pale pale.

"Lakini walisema alipona," alisema. "Walisema alikatwa akapona."

"Alikatwa na nani?" Mama aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu. "Alikuja hapa kabla ya siku yake ya kupasuliwa. Akaniambia daktari amempa likizo apate nguvu. Nikamwamini, mimi najua nini? Kumbe ametoroka. Tukamwombea. Tukampeleka kwa mtu wa miti shamba ng'ambo ya mpaka. Alisema afadhali afe mzima. Titi likaja kupasuka lenyewe. La kuvunda halina ubani, mwanangu. Nilichoma udi, nilichoma majani, harufu ikawa inatangulia mtu mlangoni. Dada zake waliacha kuja. Nilimwosha mimi peke yangu mpaka mwisho." Akaokota jani jingine. "Nilimzika na matiti yake yote mawili."

Kuku walikuwa wakiparua migombani.

"Na wewe?" Mama aliuliza. "Wewe ulienda?"

"Nilienda."

"Nionyeshe."

Si jambo la kumwomba mgeni. Lakini Tryphena alifungua vifungo vya gauni, akautoa mfuko wa ndengu, akaonyesha. Kovu lilikuwa mstari mmoja ulionyooka, umeng'aa kidogo, ngozi imelala safi kwenye mbavu. Mama aliinama akalitazama kwa karibu mno, kisha akaweka kiganja chake chenye harufu ya vitunguu juu yake. Aliacha kiganja pale.

"Kumbe ni hivi tu," alisema. "Ni hivi tu! Mtoto wangu alikuwa anakimbia hivi tu!"

Akaanza kulia, kilio kile cha kifuani kisicho na sauti, na Tryphena akamshika, kifua wazi, wakakaa hivyo kando ya kaburi mpaka jua likawafikia.

Mgeni haondoki mikono mitupu. Wakati wa kuagana mama alimfungia mfuko wa ndengu za shamba lake, akasema kitu kimoja zaidi. "Hakuna aliyekuja kutoka Voi. Huyo rafiki yake muuza nafaka alipiga simu mara moja. Nikamwambia tumeshazika. Akakata."

Njia ya kurudi Tryphena alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo hata kwa ugonjwa wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameivaa hiyo nguo miezi mingi, imeshonwa kwa uzi wa bluu. Salamu kutoka Chala! Alikuwa amepigwa kisu kwa ajili ya maiti. Alimwambia Crispus, "Nimemwona Wendy. Usiniulize," akajifunga chumbani. Crispus, kwa kuwa alikumbuka masharti, aligeukia ukuta akafuta macho.

Alhamisi ilipofika Tryphena alikwenda Mwakingali akiwa na neno moja tu la kusema, kisha aondoke asirudi, kikundini wala Mombasa. Alikuta chai imeshanywewa. Karibu na mlango, kwenye kile kiti, alikaa msichana mgeni mwenye mtoto mgongoni. Jina lake Mbinya, mke wa Munyoki, dereva wa lori la mchanga. Titi lake bovu ni lile la kushoto, na mtoto alikuwa bado ananyonya la kulia. Alikuwa amekodoa macho kama ng'ombe aliyeona kamba.

Na Mbula alikuwa ameshavuta kiti.

"...akakatwa, akamaliza kemo yote," Mbula alikuwa akisema. "Leo yuko kwao Chala, analima. Ameolewa, ana mtoto kama wako huyo..."

"Mbula," Tryphena alisema.

Mbula aligeuka. Alimwona Tryphena mlangoni, akauona mfuko mkononi mwake, na uso wake ukabadilika kabla hajaambiwa lolote.

Tryphena aliweka mfuko mezani, katikati ya vitambaa na sindano. "Hizi ndizo ndengu za Chala. Hizo nyingine ni za gunia lako. Nimetoka kwa Wendy juzi. Amelala chini ya migomba, na mamake anamfagilia majani."

Mama Donald alijifunika uso kwa leso.

"Mlijua wote?" Tryphena aliuliza. Wakainamia sindano zao, kama siku ile. "Mlijua kwamba hakukatwa? Mlijua alitoroka, akaoza akiwa hai, na mamake anamwosha peke yake? Na mkanipa mimi jina lake nijifunike nalo?"

"Ulienda kwa sababu yake," Mbula alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha nguvu. "Uko hai kwa sababu yake. Ningekuambia ukweli, ungeenda?"

"Ungeniambia ukweli, ningechagua!"

Mbula alitazama mikono yake minene juu ya magoti. Alipoongea, hakuongea na Tryphena.

"Nilijua siku aliyotoroka. Alikuja sokoni na begi, akaniaga. Nilijua kabisa anakwenda wapi na kwa nini. Nikamwambia, nenda upumzike, utarudi. Ningefunga magunia nimfuate mpaka stendi. Sikumfuata. Nilikuwa na wateja." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Tangu siku hiyo namponyesha kwa mdomo. Kila mgeni akija, namponyesha tena."

Hapo ndipo mlango ulipobamizwa. Mbinya alikuwa ametoka.

"Haya," mtu alisema kutoka pembeni. "Sasa umemfukuza. Umefurahi?"

Walikaa. Wanawake wote wale, waliopita motoni, walikaa wakitazama mlango, na Mbula naye akakaa, kama alivyokaa kwenye magunia yake siku ile. Tryphena aliwatazama mmoja mmoja. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imegeuka ikawa na miguu.

Akatoka mbio.

Mbio gani, mtu wa kemo? Nyayo zilikuwa zinawaka, moyo unapiga masikioni. Alimwona Mbinya mbele, anakata kuelekea reli ya zamani, mtoto anarukaruka mgongoni. "Mbinya! Ngoja!" Msichana hakugeuka. Tryphena aliongeza mwendo, na mbele ya kibanda cha mama mboga kitambaa kikamtoka kichwani kikaanguka vumbini. Hakusimama kukiokota. Watu wakaona, soko la jioni zima, kichwa kitupu kinachong'aa juani. Watoto wa shule yake walikuwa wanavuka barabara, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu hana nywele!" Presha, eh? Haya, waone presha yake.

Alimkuta Mbinya relini kwa sababu mtoto alikuwa analia na mama mwenyewe haoni njia kwa machozi. Akamshika upindo wa leso, akaukunja kwenye ngumi mara mbili.

"Niache, mwalimu. Nimesikia. Wendy alikufa."

"Alikufa. Hakwenda, akafa. Hiyo ndiyo habari yake, hakuna nyingine."

"Na wewe ulienda?"

"Nilienda."

"Utapona?"

Tryphena alihema mpaka pumzi ikamrudia. Ingekuwa rahisi. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na msichana alikuwa analitamani kama maji.

"Sijui," alisema.

Mbinya alimtazama kichwa, akamtazama nyusi ambazo hazipo. "Inauma?"

"Kisu kinavumilika. Kemo ni mbaya, sitakudanganya. Mimi nilikuwa nimeiacha. Leo nilikuja kuwaaga hawa."

"Na sasa?"

Tryphena hakuwa amelifikiria mpaka alipoulizwa. Alifikiria kiganja chenye harufu ya vitunguu, na harufu nyingine iliyokuwa inatangulia mtu mlangoni.

"Sasa Jumatatu niko Mombasa," alisema, na hofu ilikuwa ile ile ya siku zote, haikupungua hata kidogo. "Wewe siku yako ni lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Nyumba yenu iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nakuuliza nyumba yenu iko wapi, Mbinya."

"Kaloleni. Nyuma ya kinu cha unga, mlango wa kijani."

"Ijumaa nitakuwa kwenye huo mlango kabla hakujapambazuka. Kama nitatapika nitatapikia hapo mlangoni kwako."

"Na usiponikuta?"

"Nitaanza kwa mama yako. Halafu dada zako. Ukienda Ukambani nitakuja Ukambani. Ukitorokea Chala nitakufuata Chala, njia naijua."

Mbinya hakusema ndiyo. Nyuma yao Mbula alikuwa anakuja kando ya reli, anatweta, kitambaa chenye vumbi mkononi, na wengine wamemfuata wamesambaa njiani kila mtu kwa mwendo wake. Mbinya alikaa kwenye chuma cha reli, akamfungua mtoto, akampa titi la kulia. Tryphena akakaa kando yake, ngumi yake bado imeshika upindo wa leso.